Wodi Nzima Yapumua Mara Ishirini

Wanafunzi walimwita Mama Fomu, naye alijua, wala hakukasirika. Angekasirikaje, na popote alipopita katika hospitali ile ya kufundishia alikuwa na bahasha nene kwapani, imejaa fomu? Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani kwa mwaka wa kumi na tisa, lakini mwaka huo chuo kilimtwisha mzigo mwingine, wa kukusanya na kuchambua fomu za mwenendo. Mwanafunzi wa udaktari akimaliza wiki nane katika wodi, daktari bingwa wa wodi hiyo alimjazia fomu moja. Fomu haikuuliza anajua nini kuhusu figo wala ini. Iliuliza kama ana heshima, kama ni mwaminifu, kama anaelewana na wenzake, kama anafika kwa wakati. Alama moja mpaka tano, na saini chini.

Wenzake walimwonea huruma kwa kazi hiyo, lakini yeye aliipenda, kwa sababu alizaliwa mdadisi. Wapo watu wakiona mlango umeegeshwa wanapita zao. Yeye ilimbidi ajue kuna nini nyuma yake. Mumewe alisema kwa heshima kwamba mkewe ni mtafiti. Mama mkwe wake, aliyekuwa anaishi nao na hakuwa na muda wa kupamba maneno, alisema mkamwana wake ni mdaku.

Jumatatu ile bahasha ilimletea faili la binti mmoja wa mwaka wa nne. Wenzake walimpa jina la Kobe, na sababu ilionekana kwenye fomu zake. Kwenye heshima alipata tano. Kwenye ushirikiano alipata nne. Kwenye kufika kwa wakati alipata moja, kisha moja, kisha moja tena, wodi tatu mfululizo. Kanuni ya chuo haikuwa na kona: mwanafunzi akipata moja mara tatu katika kipengele kimoja, anarudia mwaka mzima. Kamati ya mwenendo ingekutana Alhamisi saa saba mchana, na kabla ya hapo Mama Fomu alitakiwa kuandika ukurasa mmoja wa mapendekezo. Ungeweza kuuandika ukiwa unakunywa chai.

Fomu ya tatu ilitoka kwa bingwa wa wodi ya wanaume, ambaye wanafunzi walimwita Kamili kwa sababu raundi yake ya kupita kitanda hadi kitanda ilianza saa mbili kamili asubuhi, si saa mbili na dakika moja. Kwenye nafasi ya maelezo Kamili aliandika: "Raundi huanza yeye akiwa bado vitandani. Nimemwonya mara sita." Mama Fomu aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Mwanafunzi mchelewaji yeye alimjua vizuri, hata yeye alipata kuwa mmoja. Huwa yuko kitandani kwake, si vitandani kwa wagonjwa. Huyu alikuwa anafanya nini huko?

Basi akaenda wodini kuangalia. Katika hospitali ile, wanafunzi wa mwaka wa nne ndio waliopima wagonjwa asubuhi kabla ya raundi: joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Kila mmoja alikuwa na vitanda kumi na vinne kwa zamu, na namba zote aliziandika kwenye chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Mama Fomu alichukua chati ya kwanza, akaisoma kutoka juu kwenda chini. Joto lilipanda na kushuka. Presha nayo ilicheza. Kwenye safu ya pumzi aliona ishirini, ishirini, ishirini, kumi na saba, ishirini, ishirini. Alichofikiria kwanza ni kwamba hiyo kumi na saba imekosewa.

Alichukua chati ya pili. Ishirini, ishirini, ishirini na tatu, ishirini. Ya tatu, hivyo hivyo. Machale yakaanza kumcheza. Akavuta kiti, akakusanya chati zote za wodi mapajani, wagonjwa wakimtazama wasijue wamekosa nini. Wodi ile ilikuwa na wenye pumu, wenye moyo uliovimba, vijana waliovunjika miguu na wazee wenye maji mapafuni, na wote kwa pamoja, asubuhi na jioni, walikuwa wanapumua mara ishirini kwa dakika, kama askari wa gwaride. Hapa na pale mtu aliona aibu akaandika kumi na nane au ishirini na mbili, kubadilisha ladha. Namba zote hizo zilikuwa shufwa. Namba witiri, zile kumi na saba na ishirini na tatu na kumi na tisa, zilikuwa kwa mwandiko mmoja tu, mdogo, ulioinama kushoto. Ulikuwa mwandiko wa Kobe.

Sasa hakuweza kujizuia. Alishuka masjala, akamwomba karani mafaili ya miezi mitatu. Karani alimletea bila kuuliza, maana alimzoea. Ishirini zilikuwa huko pia, kurasa kwa kurasa. Mzee mmoja alikuwa amefariki saa mbili na robo asubuhi, hati ya kifo ilisema hivyo, na jioni yake mtu fulani alikuwa amemwandikia pumzi ishirini. Mama Fomu alicheka kwa sauti, karani akainua kichwa. Halafu akafungua faili lililofuata, na kicheko kikamkauka. Palikuwa na ishirini nyingine, ya siku ambayo wanafunzi walikuwa kwenye mtihani na madaktari walipima wenyewe, na pembeni yake palikuwa na saini yenye mkia mrefu. Mkia huo aliujua. Alikuwa anaupiga mwenyewe tangu akiwa kidato cha pili.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amemshika mgonjwa mkono, amezungumza naye kuhusu wajukuu, amemtania, wamecheka wote. Kifua chake hakukitazama hata kidogo.

Nyumbani jioni alikaa sebuleni mkabala na mama mkwe wake, akaweka saa ya mkononi gotini, akaanza kuhesabu. Alifika tisa.

"Mbona unanikodolea macho?" mama mkwe aliuliza.

"Sikukodolei, mama. Nahesabu unavyopumua."

"Umeanza lini kunihesabia pumzi? Zimekuwa nyingi?"

Ikabidi aanze upya, maana mtu akijua anahesabiwa hupumua kwa adabu kama anapigwa picha. Akakumbuka ujanja wa zamani: unamshika mtu mkono kana kwamba unapima mapigo, na macho unayapeleka kifuani kwa wizi. Alimshika mama mkwe mkono. Sekunde zilikokotana. Karibu na ya arobaini mawazo yalimponyoka yakaenda kwenye sufuria jikoni, akapoteza hesabu. Mara ya tatu ndipo alipopata: kumi na tano. Mumewe akisoma gazeti alikuwa kumi na tatu. Binti yao wa darasa la pili alipumua mara mbili tu, kisha akabana pumzi makusudi mpaka akawa mwekundu wa macho. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyepumua mara ishirini. Mama Fomu alishika tama. Hakuwahi kujua dakika ina urefu ule.

Jumatano alifika wodini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, akasimama karibu na kabati la shuka. Manesi wa zamu ya usiku walipofungua mlango, aliyeingia wa kwanza alikuwa Kobe, binti mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Alianza kitanda cha kwanza. Salamu, joto, presha. Kisha akamshika mgonjwa mkono, akatulia. Dakika ya mapigo ikapita. Hakuuachia mkono. Dakika nyingine ikapita. Akaandika, akashukuru, akahamia cha pili. Wenzake waliingia saa moja na robo wakipiga soga, na saa moja na nusu walikuwa wameshamaliza na kwenda kunywa chai. Kobe alikuwa kitanda cha tisa.

Mama Fomu alimsogelea. "Kwa nini huji mapema zaidi?"

"Shikamoo, daktari. Manesi hawaturuhusu kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nimewaomba wamekataa."

"Marahaba. Na wenzako wanawezaje?"

Kobe alitazama viatu vyake. "Hilo ndilo nilikuwa natamani kukuuliza wewe. Wao naona haya, watanicheka zaidi. Kuna njia ambayo sikuifundishwa? Nimejaribu kuhesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili. Lakini huyu wa kitanda cha tano anapumua vizuri kidogo, halafu anasimama, halafu anapumua mbio mbio. Ukihesabu nusu unaikosa. Nikarudi kwenye dakika nzima. Nafikiri wenzangu vichwa vyao ni vyepesi, mimi wangu mzito."

"Nani aliwaambia lazima iwe dakika nzima?"

"Wewe, daktari. Mwaka wa kwanza. Ulituambia tushike mkono ili mgonjwa asijue."

Mama Fomu alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Endelea tu, mwanangu." Akaondoka na maswali yake yote, na moja jipya ambalo lilimkaa rohoni mpaka jioni. Huyu binti alidhani kuna darasa alilokosa. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba watu hawahesabu.

Alhamisi saa saba walikaa wanne kwenye chumba cha mikutano: Profesa, ambaye ndiye mwenyekiti, Matroni wa hospitali, Kamili na Mama Fomu. Profesa alitaka wamalize upesi. "Hili ni jepesi," alisema. "Tatu ni tatu."

"Naomba dakika moja, mwenyekiti," Mama Fomu alisema.

"Chukua hata mbili."

"Hapana, namaanisha dakika yenyewe. Matroni amhesabie Mwenyekiti pumzi, sisi tungoje."

Profesa aliinua nyusi, lakini alikuwa mtu wa kupenda michezo, akanyoosha mkono. Wakanyamaza. Feni ilizunguka. Mtu alipita nje akiburuta kitu cha chuma. Kamili alitazama saa yake, akatazama dirisha, akatazama saa tena. Profesa mwenyewe alianza kujikuna shingo. Dakika ile ilikuwa haina mwisho.

"Kumi na saba," Matroni alisema.

"Ingekuwa wodini ungekuwa ishirini," Mama Fomu alimwambia Profesa, akamwaga chati mezani.

Aliwaonyesha kila kitu. Aliwaonyesha zile shufwa na zile witiri, na mzee aliyepumua baada ya kufa. Matroni aliweka kiganja mdomoni. Kamili uso ulimbadilika.

"Unataka kusema nini, daktari?" aliuliza. "Kwamba wanafunzi wangu ni waongo?"

"Nataka kuanza na mimi." Akaitoa karatasi yake, akaweka kidole kwenye saini yenye mkia. "Hii ni yangu. Sikuhesabu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipohesabu."

Kamili aliivuta karatasi ile, akaitazama saini. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyekasirika. "Piga hesabu basi. Wagonjwa kumi na wanne, dakika moja ya mapigo na moja ya pumzi, presha, joto, kuandika. Nikisubiri kila mwanafunzi afanye hivyo, raundi inaanza saa mbili na robo au na nusu. Saa nne nina kliniki, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Unadhani mimi nimeipenda hii saa mbili? Nimebanwa nayo."

"Nakuamini," Mama Fomu alisema, na kweli alimwamini. "Lakini wewe ulipoijaza fomu yake, kwenye uaminifu ulimpa ngapi?"

"Tatu. Sikuwa na la kuandika."

"Na wenzake?"

Fomu za wenzake zilikuwa mezani, na kila mmoja alikuwa na tano.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Nisikilizeni. Tukisema binti huyu ana sababu, tumesema wengine wote wanadanganya. Kwa kanuni zetu, kudanganya kwenye chati ni kosa kubwa kuliko kuchelewa. Itabidi niwarudishe darasa zima, na nusu ya madaktari niwaite hapa. Siwezi. Tukisema hana sababu, anarudia mwaka kwa kufanya tulichomfundisha. Hilo nalo siwezi, nitashindwa kulala. Fomu haina kisanduku cha jambo hili." Alimsogezea Mama Fomu karatasi tupu. "Wewe ndiye unayeandika mapendekezo. Andika. Tukiona tunaweza kutia saini, tutatia."

Kalamu ilimwia nzito. Angeweza kuandika kwamba mwanafunzi alikuwa na changamoto za usafiri. Angeweza kutafuta neno la heshima ambalo halimgusi mtu. Alifikiria kijana atakayefungua faili hilo miaka kumi baadaye na kuiona saini yake. Kisha akapiga moyo konde, akaandika mistari miwili: "Alichelewa kwa sababu alikuwa anahesabu. Mimi, ninayeandika hapa, niliwahi kwa sababu sikuhesabu." Akaandika jina lake lote chini, akapiga saini.

Matroni alitia saini. Profesa akafuata. Kamili aliishika karatasi muda mrefu. "Raundi yangu itabaki saa mbili," alisema. Halafu akaomba kalamu.

Mama Fomu alitoka mbio mbio kama msichana. Alitaka kumwona Kobe akipokea habari, na tusimfiche, alitaka pia kushukuriwa kidogo. Alimkuta kwenye chumba cha wanafunzi cha kubadilishia nguo, mlango wa kabati lake uko wazi na kabati lenyewe ni tupu. Vitabu vilikuwa vimefungwa kamba. Koti jeupe lilikuwa limekunjwa juu yavyo.

"Umefaulu," Mama Fomu alisema. "Hurudii mwaka."

Kobe alikaa kwenye benchi. Hakutabasamu. "Mmenionea huruma?"

"Hapana. Hapakuwa na njia nyingine ambayo hukufundishwa. Wenzako hawahesabu. Wanaandika ishirini tu."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Na nyinyi?"

"Na mimi."

Binti alikaa akiitazama sakafu, na Mama Fomu akaona machozi yakimdondoka magotini, moja moja. "Jumapili nilimwambia baba kwamba sifai," Kobe alisema. "Nilimwambia kichwa changu kizito, naacha. Akasema sawa, nirudi nyumbani atanifundisha kushona makochi. Wodi tatu nimelala nikijiona mjinga. Mlikuwa mnajua?"

Lilikuwa swali gumu kuliko yote ya wiki ile. Je, alijua? Hakuna aliyewahi kulisema. Lakini je, miaka yote hiyo, akisoma chati asubuhi, jicho lake liliwahi kusimama kwenye safu ya pumzi? Lilikuwa linairuka. Jicho haliruki kitu lisichokijua.

"Tulikuwa tunajua," alisema. "Mpigie baba yako."

"Nimwambie nini? Hawezi kunielewa. Atadhani najitetea."

"Basi piga, unipe mimi."

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa ilisikika nyundo ikigonga misumari, tap tap, na sauti nzito ya mtu mwenye misumari mdomoni. Mama Fomu alijitambulisha kuwa mwalimu wa binti yake. Misumari ilitemwa. Nyundo ikanyamaza.

Alimweleza kwa maneno ya kawaida, bila Kilatini wala fomu. Binti hakuwa mzito. Alikuwa anachelewa kwa sababu alimhesabia kila mgonjwa pumzi dakika nzima, kama inavyotakiwa. Wengine waliwahi kwa sababu waliandika namba ya kubuni. Kamati imeona hivyo, na binti anaendelea na masomo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akiguna hapa na pale kuonyesha yupo.

"Kwa hiyo mwanangu yuko sawa," alisema.

"Yuko sawa kabisa, mzee wangu. Ndiye aliyekuwa sawa."

"Nashukuru, mama. Nashukuru sana." Akavuta pumzi. "Sasa samahani, mimi sikusoma, huenda nauliza jambo la kijinga. Mwanangu alikuwa na wagonjwa wake kumi na wanne, amewahesabia. Hao wengine waliojaa huko, nani alikuwa anawahesabia?"

Mama Fomu aliinua macho. Kobe alikuwa ameacha kulia na alikuwa anamtazama, akingoja jibu lile lile.

"Hakuna, mzee wangu," alisema. "Hakuna aliyekuwa anawahesabia."

Upande wa pili mzee hakukata simu, na Mama Fomu naye hakuthubutu kuikata.